Oda ya Soko, ya Kikomo na ya Kuzuia Hasara: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Sarafu za Kidijitali

Tarehe 21 Juni 2017, katika soko la GDAX lililomilikiwa na kampuni ya Coinbase, oda moja ya soko iliuza sarafu za Ether za mamilioni ya dola kwa mkupuo. Bei ilikuwa dola 317.81, oda hiyo ikaishusha hadi 224.48. Hapo oda nyingine zipatazo 800, za kuzuia hasara na za waliofanya biashara kwa mkopo, zikaamka na kuuza pia. Kuna Ether zilizouzwa senti 10 za dola. Kila oda ilitekelezwa kama ilivyoandikwa.

Kabla ya kujifunza kusoma chati, basi, jifunze oda.

Anza na daftari la oda, yaani orodha ya wanaotaka kuuza na wanaotaka kununua, kila mmoja na bei yake. Tuseme wauzaji wamejipanga hivi: Ether 0.5 kwa dola 3,000, Ether 1 kwa 3,010, na Ether 2 kwa 3,040. Wewe unataka 2. Oda ya soko haiulizi bei. Itakomba ya kwanza, ikombe ya pili, kisha imege 0.5 kwenye ya tatu. Utalipa dola 6,030, ingawa bei uliyoiona kwenye simu ilikupa hesabu ya 6,000. Kwa sarafu ndogo zenye wauzaji wachache, pengo hilo huwa kubwa zaidi.

Oda ya kikomo huweka mwisho wa bei. Ukiandika 3,010, utapata Ether 1.5 kwa dola 4,510, na 0.5 iliyobaki itasubiri. Huenda isipatikane kabisa. Kwa mtu aliye kazini mchana kutwa, hii ndiyo oda ya kuanzia: unaamua bei asubuhi ukiwa umetulia, kisha unaendelea na shughuli zako. Masoko mengi pia hutoza ada ndogo kwa oda inayosubiri daftarini kuliko inayotekelezwa papo hapo.

Oda ya kuzuia hasara ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Umenunua kwa 3,010, ukaweka bei ya kuamsha 2,700. Wengi hudhani wameahidiwa 2,700. La. Bei ikifika hapo, oda inageuka kuwa oda ya soko na kuuza kwa yeyote aliyepo, hata kwa 2,580 ikiwa wanunuzi wamekimbia. Wale ambao Ether zao ziliuzwa kwa senti siku ile ya Juni walijifunza hivyo, ingawa GDAX ilitangaza kuwafidia.

Unaweza kuiongezea kikomo, kwa mfano 2,650. Sasa haitauza chini ya hapo. Lakini bei ikiruka kutoka 2,700 hadi 2,600, utabaki na sarafu zako huku zikizidi kushuka. Kama shabaha yako ni kutoka kwa vyovyote, usiweke kikomo. Kama huwezi kuvumilia kuuza kwa bei ya kutupa, kiweke, na ukubali kubaki.

Mwisho ni muda wa oda. Iliyoandikwa kudumu hadi ifutwe itabaki hai hata ukiisahau, na fedha zake zitakuwa zimeshikiliwa. Ukiona salio haliruhusu kununua ilhali pesa zipo, fungua kwanza orodha ya oda zinazosubiri.