Bei Zimekataa Kupanga Foleni

Haya mdogo wangu, vuta kiti. Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeusoma asubuhi nikacheka peke yangu, maana kisa chako nami kilinikuta. Umeweka bei nne kwenye orodha ya JavaScript: 900, 1500, 12000 na 800. Ukaiambia sort, fankisheni yake ya kupanga, izipange, ikakurudishia 12000, 1500, 800, 900. Ukadhani kompyuta imerogwa. Haijarogwa. Usipoipa sort maelekezo, inazisoma namba kama maneno ya kamusi, alama moja baada ya nyingine. Kwa kuwa 1 iko mbele ya 8, elfu kumi na mbili inaitangulia mia nane.

Dawa ni kuipa fankisheni ya kulinganisha. Fikiria foleni ya maji bombani. Msimamizi hajui nani kawahi, kwa hiyo anawashika watu wawili wawili na kukuuliza wewe: kati ya hawa, nani atangulie? Ukimjibu kwa namba iliyo chini ya sifuri, wa kwanza anatangulia. Juu ya sifuri, wa pili. Sifuri yenyewe maana yake wako sawa, waache walivyo. Ndiyo sababu watu huandika a - b, a akiwa wa kwanza na b wa pili: 800 kutoa 900 ni hasi 100, basi 800 inakaa mbele. Ukitaka ghali zianze, andika b - a.

Ila kwenye msimbo ulionitumia nimeona umejaribu a > b. Shosti! Hapo umejibu ndiyo au hapana, na msimamizi anataka majibu matatu. Ndiyo inahesabiwa 1, hapana 0, hasi haitokei kamwe. Mimi niliandika hivyohivyo kwenye ukurasa wa duka moja na mambo yakaenda vizuri muda mrefu, kwa sababu Chrome ya zamani ilikuwa na njia yake ya kupanga orodha zisizozidi vitu 10, na njia hiyo ilisamehe. Oktoba 2018 likaja toleo la 70 na njia nyingine, TimSort, iliyobuniwa na Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya Python. Hii inasubiri hasi. Isipoiona hata mara moja, inaamini orodha imeshanyooka na kuiacha vilevile. Mwenye duka akanipigia simu nikiwa na tonge mkononi: bidhaa zimechanganyika. Na mimi sikuwa nimegusa hata nukta!

Kuna jingine, na hili ndilo hunikera kuliko yote: bei zilizohifadhiwa kama maandishi yenye mkato, "12,000". Ukitoa hapo unapata NaN, yaani kitu kisicho namba, na sort huichukulia kama sifuri. Hailalamiki, haionyeshi kosa, inapanga ovyo kimyakimya. Ondoa mikato, zigeuze ziwe namba, ndipo upange.

Kwa majina kutoa hakufai, tumia localeCompare. Ukiacha sort ijiamulie, asha aliyeandikwa kwa herufi ndogo atakaa nyuma ya Zuhura, maana herufi kubwa za A hadi Z zote hutangulia ndogo. Na kama bei zikilingana unataka jina liamue, unganisha:

a.bei - b.bei || a.jina.localeCompare(b.jina)

Bei zikitoa sifuri, jina linashika usukani. Usipoliweka, zilizolingana hubaki zilivyokuwa mwanzo. Kiwango cha lugha kinadai hivyo tangu 2019.

Nilitaka kusahau: sort inaipangua orodha ileile uliyoipa, haikutengenezei nakala. Kama ya awali bado unaihitaji, kuna toSorted, iliyoingia kwenye lugha mwaka 2023.

Rekebisha, kisha unitumie tena. Ila si saa nane usiku.