Kongosho na Neva Zake

Mtu apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa saba mchana, akasikia harufu ya pilau ikitoka katika sufuria ya mama lishe, hujaa mate kinywani kabla hajaketi. Jambo hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana na wengi ni kwamba wakati uo huo, nyuma ya tumbo lake, kongosho nalo limekwisha kupata habari. Hajameza hata punje moja ya wali, wala sukari haijaongezeka katika damu yake; lakini kongosho limeanza kumimina maji ya kuyeyushia chakula, na anapoanza kutafuna, kiasi kidogo cha insulini huingia katika damu kabla ya sukari ya chakula hicho kufika huko. Ni nani aliyelipasha habari?

Wanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba kongosho huongozwa na homoni, na pia na kiasi cha sukari kilichomo katika damu. Mafundisho hayo ni ya kweli, ila hayakutimia. Kongosho limefumwa kwa neva nyingi, na miisho ya neva hizo hutoa kemikali za namna mbalimbali. Baadhi ya kemikali hizo ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, na hizo ndizo tunazotaka kuzieleza hapa.

Kwanza tukumbushane kwamba kongosho lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya na maji yenye baikaboneti, ambayo hupita katika mfereji mpaka kwenye utumbo mwembamba. Katikati ya sehemu hiyo vimetawanyika vichungu vidogo vya chembe hai ambavyo Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, alivieleza mwaka 1869. Hivyo ndivyo visiwa vya Langerhans, ambamo hutoka insulini ya kupunguza sukari ya damu na glukagoni ya kuiongeza.

Mwanasayansi wa Kirusi, Ivan Pavlov, alionyesha kwa mbwa wake kwamba ukiichokoza neva ya vagasi, ile itokayo katika ubongo na kushuka mpaka tumboni, kongosho humimina maji yake. Aliona kwamba neva ndizo zenye amri. Lakini mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walizikata neva zote ziendazo kwenye kipande cha utumbo cha mbwa, wakatia asidi ndani ya kipande hicho, na kongosho likamimina vilevile. Ilikuwa dhahiri kwamba kitu fulani kimesafiri katika damu. Wakakiita sekretini, na baadaye Starling akaleta neno "homoni". Tokeo hilo lilikuwa kubwa, na kwa miaka mingi wataalamu wengi walizipa neva nafasi ndogo katika habari za kongosho. Kwa maoni yangu vitabu vyetu vya shule bado vinafuata mkondo huo.

Kemikali ya neva iliyojulikana mapema ni asetilikolini. Dawa iitwayo atropini huizuia isifanye kazi katika tezi, na ndiyo maana mtu aliyepewa atropini hukauka kinywa. Basi ingetazamiwa kwamba mnyama akipewa atropini, kuichokoza vagasi kusingelifanya kongosho litoe kitu. Katika nguruwe haikuwa hivyo: atropini ilikuwamo, vagasi ikachokozwa, na maji yenye baikaboneti yakaendelea kutoka. Ni lazima neva zilikuwa na kemikali nyingine.

Mojawapo ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1970 Sami Said, mzaliwa wa Misri, pamoja na Viktor Mutt wa Stockholm, walitoa katika utumbo wa nguruwe peptidi yenye asidi amino 28, yenye uwezo wa kutanua mishipa ya damu. Kwa ufupi huitwa VIP. Ilidhaniwa kuwa homoni ya utumbo. Baada ya miaka michache ikaonekana kwamba makao yake hasa ni ndani ya neva, zikiwamo neva za kongosho. Nyingine zilifuata: GRP yenye asidi amino 27, NPY yenye 36, galanini iliyotangazwa mwaka 1983, na PACAP mwaka 1989.

Mwalimu anaweza kuulizwa kwa nini neva moja ibebe kemikali mbili. Jibu limo katika namna zinavyotengenezwa. Asetilikolini hutengenezwa papo hapo kwenye mwisho wa neva, kama maandazi yakaangwayo kibandani. Yakiisha, mengine yanatiwa katika mafuta. Peptidi haiwezi kutengenezwa hapo. Hutengenezwa katika kiwiliwili cha chembe ya neva, ikafungwa katika vifuko, ikasafirishwa kwa kufuata uzi wa neva mpaka mwishoni, kama kabichi itokayo Lushoto kwa lori. Ikiisha, hapana budi kungoja lori jingine. Kwa hiyo neva huitumia kwa uangalifu: ikichokozwa polepole hutoa asetilikolini, na ikichokozwa kwa kasi hutoa na peptidi pia. Asetilikolini hufanya kazi upesi na kutoweka. Athari ya peptidi hukawia zaidi.

Je, haya yamo katika mwanadamu? Mwaka 2001 Bo Ahrén na Jens Juul Holst walitoa matokeo ya jaribio lililofanyiwa wanawake wenye afya waliopewa chakula. Walipopewa atropini, insulini ile ya dakika 10 za mwanzo ilipungua kwa takriban moja ya tano tu. Walipopewa dawa nyingine, trimetafani, ambayo hukata habari katika vituo vya neva zenyewe, ilipungua kwa karibu robo tatu. Mwanafunzi na atafakari tofauti hiyo. Neva zikizuiwa zote, sehemu kubwa hupotea. Asetilikolini ikizuiwa peke yake, hupotea kidogo. Iliyobaki katikati ni kazi ya kemikali nyingine za neva, na peptidi tulizozitaja ndizo zinazodhaniwa kwanza. Tena, neva zilipozuiwa, sukari ya damu baada ya kula haikushuka ipasavyo, ijapokuwa insulini hiyo ya mwanzo ni kidogo sana.

Upande wa pili kuna neva za simpathetiki, ambazo huamshwa na hofu, kazi nzito na upungufu wa sukari. Hizo hutoa noradrenalini pamoja na NPY, na katika mbwa hutoa pia galanini, ambayo huzuia insulini. Watu wakafurahi wakidhani breki ya insulini imepatikana. Lakini galanini ilipotiwa katika damu ya binadamu, insulini haikuzuiwa. Mwaka 2011 uchunguzi wa visiwa vya Langerhans vya binadamu ulionyesha kwamba neva zake ni chache kuliko za panya, na kwamba zile za simpathetiki hushika zaidi mishipa ya damu kuliko chembe zitoazo homoni. Mbwa, panya na mtu wana kongosho, lakini si kongosho moja.

Kuna kundi la tatu, neva za hisia, zenye peptidi ziitwazo CGRP na dutu P. Neva za namna hii ndizo ziunguzwazo na pilipili. Mwaka 2006 watafiti wa Toronto waliziua neva hizo katika vitoto vya panya kwa kapsaisini, ile kemikali kali ya pilipili, na wengi wa panya hao, waliokuwa wa ukoo wa kuugua kisukari, hawakuugua. Naongeza upesi kwamba hilo halimfanyi muuza dawa wa barabarani kuwa na haki ya kunadi pilipili kuwa tiba ya kisukari. Panya hao walidungwa wangali wachanga, kabla ya ugonjwa kuanza, hawakulishwa kachumbari.

Kisukari chenyewe si jambo la mbali na jiji letu. Kati ya Juni 1981 na Mei 1987 wagonjwa wapya 1,250 waliandikishwa na kufuatiliwa katika hospitali ya Muhimbili, na takriban mmoja katika kila watano alihitaji insulini. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta ugonjwa huo kwa watu wasiofika mmoja katika mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban tisa katika mia. Hesabu hizi hazikuchukuliwa kwa watu wa umri mmoja wala kwa njia moja, lakini mwelekeo wake hauna shaka.

Sasa tumfikirie mchukuzi wa Kariakoo adungaye insulini. (Jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.) Amedunga asubuhi, mzigo ukaja kabla ya chai, akasukuma mkokoteni mpaka adhuhuri. Sukari ya damu inashuka. Katika mtu mzima wa afya, ubongo huziamsha neva za kongosho na tezi za adrenali; insulini huzimwa, glukagoni hutoka, na ini humwaga sukari. Jasho, kutetemeka na njaa kali ni dalili za neva hizo zikifanya kazi. Katika mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, glukagoni hushindwa kuitikia baada ya miaka michache. Mwaka 2016 watafiti walioyachunguza makongosho ya wagonjwa waliofariki walikuta kwamba neva za simpathetiki za visiwa vya Langerhans zimepungua sana, hata kwa walioumwa muda mfupi. Na ugonjwa ukidumu, dalili zenyewe huweza kufifia: mchukuzi huanguka bila kutetemeka kwanza, na wapita njia humdhania mlevi.

Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hii darasani ajue la kufanya. Akiwa na fahamu, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au soda ya kawaida, kisha apewe chakula. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote kinywani. Alazwe ubavu na kupelekwa hospitali bila kukawia.

Neva za miguu nazo hufa. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wameandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasiamke, kwa sababu miguu yao ilikwisha kupoteza hisia. Wengine hugundua asubuhi kwa kuona damu kwenye shuka. Ndiyo sababu wagonjwa wa kisukari hushauriwa kukagua nyayo zao kila siku kwa macho, au kwa kioo kidogo, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.