CHAKULA CHA JIONI KATIKA NYUMBA YENYE KAZI NYINGI

Ziko nyumba nyingi, mijini na mashambani, ambamo chakula cha jioni huwa duni si kwa upungufu wa fedha peke yake, bali kwa upungufu wa saa. Mama aliyekuwa shambani, sokoni au kazini tangu alfajiri hurudi jua likitua. Maharagwe makavu yataka muda mrefu motoni, na makaa ni ghali. Watoto nao wana njaa. Basi husongwa ugali, na kitoweo chake huwa ni mboga kidogo au chai. Matumbo hujaa, lakini mwili wa mtoto haukupata kitu cha kutosha cha kuujenga. Na ikiwa chakula kimechelewa, mtoto aliye mdogo kuliko wote hulala kabla hakijaiva, naye ndiye anayekihitaji kupita wenzake.

Somo hili laeleza jinsi jamaa ya watu sita inavyoweza kula vizuri kila jioni kwa gharama ndogo, bila mama kukesha jikoni. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: kila siku ipewe chakula kinacholingana na saa zilizopo, na kazi ndefu iachiwe maji na joto, maana hivyo havichoki.

Kwa nini ugali peke yake hautoshi

Mahindi hutia nguvu, lakini protini yake, yaani kile kinachojenga mwili, ina kasoro. Protini hufanyizwa kwa vipande vingi, kama ukuta unavyojengwa kwa matofali, na vipande viwili vya lazima, laisini na triptofani, ni vichache katika mahindi. Maharagwe, kunde na ndengu zina laisini nyingi, ila zimepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Vyakula hivi vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenziwe. Wazee hawakuyajua majina hayo, lakini faida yake waliiona. Ndiyo maana mchanganyiko wa mahindi na maharagwe hupatikana kila upande: Wakikuyu huuita githeri, Wakamba isyo, Wajaluo nyoyo, na watu wa Tanzania makande.

Hasara ya kukosa kitoweo si jambo la kudhania. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Miguu yao ilivimba, ngozi ikabambuka, na wengi wakafa. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia Waga wa nchi hiyo, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Wataalamu wa leo wajua kwamba sababu zake ni nyingi kuliko upungufu wa protini peke yake. Hata hivyo, sahani ya wanga mtupu kila siku bado ni hatari kwa mtoto aliyeacha ziwa.

Siku ya mapumziko: githeri na kapu la joto

Githeri yafaa ipikwe siku ambayo mtu yupo nyumbani walau asubuhi na alasiri. Kwa watu sita, robo tatu ya kilo ya mahindi makavu na nusu kilo ya maharagwe zatosha. Usiku wa kuamkia siku hiyo nafaka zichaguliwe, zioshwe na kulowekwa, kila moja katika chombo chake, kwa maji mengi. Asubuhi maji hayo yamwagwe. Kulowekwa hupunguza sana muda wa motoni, hata pasiwe na haja ya kutia magadi, ambayo huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagwe.

Mahindi yachemshwe kwanza kwa muda wa nusu saa. Kisha maharagwe yatiwe, na yote yatokote kwa nguvu nusu saa nyingine. Hapo sufuria ifunikwe vizuri, iepuliwe, na papo hapo iingizwe katika kapu la joto.

Kapu hilo halinunuliwi dukani. Ni kapu kubwa au sanduku la karatasi ngumu, lililojazwa majani makavu, migomba mikavu au mablanketi makuukuu, unene wa upana wa kiganja chini na pande zote, pakaachwa tundu la kuenea sufuria katikati. Juu huwekwa mto mnene uliojazwa vitu hivyo hivyo. Joto lililomo ndani ya chakula halina njia ya kutoka, basi huendelea kukipika bila kaa hata moja. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyo nusu, wala isifunguliwe kabla ya wakati. Baada ya saa nne au tano githeri huwa imelainika. Ikiwa mahindi bado ni magumu, yarudishwe motoni kidogo. Kisha vitunguu viwili na nyanya nne vikaangwe kwa mafuta kidogo, githeri imiminwe humo pamoja na chumvi, ichemke tena, iliwe.

Mambo mawili yashikwe sana. Kwanza, maharagwe yasiingizwe kapuni kabla ya kutokota sawasawa. Maharagwe, na hasa yale mekundu, yana sumu iitwayo lektini. Mtokoto wa nguvu huiua, lakini moto hafifu hauiui; maharagwe yaliyopashwa joto tu yaweza kudhuru kuliko hata mabichi, na alaye hutapika baada ya saa chache. Dakika 10 za kutokota ndizo kiasi cha chini kabisa, na nusu saa ni salama zaidi, hasa katika nchi ya juu. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, huchemka kwa digrii 94 au 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe yale yale hukawia kuiva Nairobi kuliko Mombasa.

Pili, chakula kisiachwe kapuni kutwa nzima. Kikishapoa kuwa vuguvugu, vijidudu huanza kuzaana ndani yake. Kitolewe kingali moto, na kabla ya kuliwa kichemshwe tena.

Siku za kazi: chakula cha muda mfupi

Siku ambayo nyumba ni tupu tangu asubuhi mpaka jioni, githeri haifai. Siku hizo zina vyakula vyake.

Ndengu ni ndogo, kwa hiyo huiva upesi. Zikilowekwa alfajiri mahali penye baridi, maji yatakuwa yamefanya kazi mchana kutwa, na jioni zitaiva kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Nusu kilo yatosha watu sita, kwa ugali, wali au chapati.

Omena wakavu hawahitaji hata kulowekwa usiku. Huchaguliwa, huoshwa kwa maji moto mara mbili tatu ili mchanga utoke, kisha hukaangwa na vitunguu na nyanya. Kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, samaki huyu humpa mtoto protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Kwa mtoto mdogo yafaa asagwe na kutiwa katika uji au ugali laini.

Kwa nyumba yenye jiko moja, utaratibu ni huu. Ndengu au omena wapikwe kwanza, nao wakiiva sufuria iwekwe ndani ya kapu la joto ili isipoe. Mboga ifuate: sukuma wiki, kunde au mchicha. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, si baada yake, maana vitamini nyingine huyeyuka na kwenda na maji. Ipikwe dakika chache tu, kwa mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta huusaidia mwili kupokea vitamini A. Ugali uwe wa mwisho, uliwe ungali moto.

Chai isinywewe pamoja na chakula hiki. Majani ya chai huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, ambayo ndiyo yanayotengeneza damu. Chai ingojee saa moja. Nyanya, au kipande cha chungwa, hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kuyapata madini hayo.

Rahisi iliyo ghali

Kununua kwa bei ndogo ni busara, lakini mahindi yaliyoota kuvu si rahisi hata yakitolewa bure. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kutiwa ghalani, na yenye rangi au harufu ya kuvu yatupwe. Kuyachagua yaliyo mazuri hupunguza hatari, wala hakuiondoi, maana sumu yaweza kuwamo bila kuonekana.

Hali kadhalika makaa: jiko liwashwe nje, wala lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake yenye sumu huua watu usingizini.

Kazi ni ya nyumba nzima

Kuchagua maharagwe, kuyaloweka na kuwasha jiko si kazi za mama peke yake. Mtoto wa miaka kumi aweza kuchagua ndengu; baba aliyetangulia kufika nyumbani aweza kuwasha jiko na kuchuma mboga. Dakika 10 za kila mmoja humpunguzia mama kazi nyingi.

Chakula kikiwa tayari mapema, mdogo apakuliwe kwanza, angali macho, na kitoweo chake kisiwe makombo ya wakubwa. Kisha, kabla ya kulala, iulizwe kila usiku: kesho jioni kutaliwa nini, na je, kuna cha kuloweka? Chakula cha kesho huanzia hapo.