Kioo cha geji kimeingia ukungu

Swali: Nina lori kuukuu la Bedford lililokuwa likibeba pamba. Kioo cha geji ya mwendo kimeingia ukungu, sisomi kitu. Nifanyeje?
Msomaji, Nkololo, Bariadi

Jibu: Chomoa waya wa betri, toa geji, kisha gonga kioo kwa ukucha. Kikilia kama gilasi, huenda unyevu umeingia ndani: fungua, osha kioo kwa sabuni, kausha, badilisha mpira uliochoka. Kikiwa plastiki, jua na vumbi vimekila. Sugua taratibu kwa msasa namba 2000 uliolowa maji, kisha ng'arisha kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini cha pamba (huko kwenu pamba si tatizo). Petroli na tina usithubutu, hupasua plastiki. Namba za geji usizifute, rangi yake hubanduka. Nyufa zikiwa zimezama, usijisumbue: fundi akukatie kioo kipya.