Oili ya Kwanza: Gari Lipi Lisubiri, Lipi Lisisubiri

Ukimuuliza fundi anayejua kazi yake gari jipya limwagwe oili lini, atataka kwanza kujua limetoka wapi. Kama limetoka kiwandani likiwa na kilomita sifuri, viti bado vimefunikwa nailoni, jibu ni moja. Kama limeshuka melini Dar es Salaam au Mombasa baada ya kutembea Japani miaka saba au minane, jibu ni jingine kabisa, hata kama kwa mwenyewe ndilo gari la kwanza maishani. La kiwandani halitaki haraka. La bandarini halitakiwi kufunga safari ndefu hata moja kabla ya oili yake kumwagwa. Watu wengi hufanya kinyume, na anayeumia zaidi ni mwenye gari la bandarini, kwa hiyo nitaanza naye.

Mtu wa Japani akishaamua kuuza gari lake hana sababu ya kulinunulia oili mpya. Gari linapelekwa mnadani, linakaa yadi, linapakiwa, linavuka bahari kwa wiki kadhaa, kisha linasubiri tena bandarini. Muda wote huo linawashwa dakika mbili tatu tu ili lisogezwe, halafu linazimwa. Injini haipati joto la kutosha, na kila ikiwashwa hivyo, mvuke wa maji na petroli kidogo ambayo haikuungua vinashuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Kilomita haziongezeki, lakini oili inaharibika. Ndiyo maana hesabu ya kilomita peke yake haitoshi: karibu kila mtengenezaji huweka na kikomo cha muda, miezi sita au mwaka, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Kuna shahidi mmoja ambaye wanunuzi wengi humbandua na kumtupa bila kumsoma. Fungua mlango wa dereva utazame fremu yake, kisha inua boneti. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika kikaratasi kinachoonyesha tarehe na kilomita za kumwaga oili, iliyopita au ijayo. Usitishwe na maandishi, tafuta tarakimu. Mwaka ukiandikwa kwa namba ndogo, ni hesabu ya enzi za wafalme wao. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisha 2018: R5 ni 2023. Kwa Heisei iliyoitangulia, jumlisha 1988: H30 ni 2018. Ukikuta oili ilitakiwa kumwagwa miaka miwili iliyopita, umeshajua uko wapi. Na kama kikaratasi kina kilomita zinazozidi za kwenye dashibodi kwa makumi ya maelfu, hapo suala si oili tena, huenda kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma. Mrudie aliyekuuzia akupe maelezo kabla hamjamalizana.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha kujazia oili na uchungulie ndani. Weusi peke yake si ugonjwa, oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Unachotafuta ni tope zito linalong'ang'ania kama grisi, au rangi ya chai ya maziwa. Tope linasema oili ilikuwa ikicheleweshwa. Rangi ya maziwa inasema kuna maji. Yakiwa machache chini ya kifuniko huenda ni unyevu tu, lakini yakionekana hadi kwenye kijiti cha kupimia, gari lisiwashwe mpaka fundi amelikagua, kwa sababu huenda maji ya rejeta yanavuja kuingia ndani ya injini.

Sasa fikiria safari inayofuata. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu 480, na njia inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,600. Magari mengi ya Zambia, Kongo na Rwanda huendeshwa hivyo hivyo yakishatolewa, usiku na mchana, na oili ile ile iliyotoka Japani. Huo ndio mtihani mgumu kuliko yote ambao injini hiyo itaupata mwaka huo, na unafanywa na oili iliyo hoi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo gari la bandarini limwagwe oili na libadilishwe filta kabla halijaondoka mjini. Hesabu gharama hiyo pamoja na ushuru na bima, isisubiri mshahara wa mwezi ujao.

Ukikuta tope, usikubali injini ioshwe kwa dizeli. Najua ni mazoea ya gereji nyingi, na wanaofanya hivyo wanataka kusaidia. Lakini dizeli haina unene wa kulinda beringi, sehemu yake hubaki ndani na kuipunguza nguvu oili mpya, na mabonge inayoyang'oa yanaweza kuziba chujio la pampu. Njia salama ni ya taratibu: weka oili nzuri na filta mpya, tembea kilomita 2,000 hadi 3,000, mwaga tena. Oili yenyewe ina dawa ya kusafisha, ipe nafasi ifanye kazi.

Kuhusu aina ya oili, kitabu cha gari ndicho chenye neno, na kwenye Toyota nyingi namba imeandikwa juu ya kifuniko cha kujazia oili. Hapa kuna imani moja inayoharibu injini nyingi: kwamba joto la pwani linataka oili nzito, basi kila gari linawekewa 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inahusu injini ikiwa baridi, ile ya pili inapimwa oili ikiwa na nyuzi joto 100. Injini ikishachemka, joto la ndani halitofautiani sana kati ya Osaka na Tanga. Injini za miaka ya karibuni zina njia nyembamba za oili, na mfumo wa kurekebisha muda wa vali, kama VVT-i, unasukumwa na shinikizo la oili hiyo hiyo. Gari lililotengenezwa kwa 0W-20, kama Aqua, ukiliwekea oili nzito unachelewesha ulainishaji kila asubuhi unapoliwasha. Kitabu kikiruhusu aina mbili au tatu kulingana na hali ya hewa, chagua kati ya hizo tu. Angalia pia ujazo. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi na baadhi ya Vitz, inachukua lita 3.7 ikibadilishwa na filta. Fundi akimimina galoni zima la lita 4 amezidisha, na oili iliyozidi inaweza kupigwa na krenkishafti hadi itoe povu, na povu halilainishi kitu.

Nije kwa aliyenunua kilomita sifuri. Wazee waliofundishwa kwenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani watakuambia umwage oili kwenye kilomita 1,000, na kwa injini zile walikuwa sahihi. Vyuma vilikuwa bado vinasuguana kutafuta nafasi, na unga wake ulikuwa unaonekana kwenye oili. Viwanda vya leo vinachonga silinda kwa usahihi mkubwa zaidi, na filta inashika kile kidogo kinachotoka. Zaidi ya hapo, oili ya kiwandani si ya kudharau. Honda, kwa mfano, huwaambia wateja wake waiache hadi muda wa huduma ya kwanza ulioandikwa. Hivyo fuata kitabu: kikisema 1,000, peleka kwenye 1,000, kikisema 5,000 au 10,000, tulia. Hifadhi risiti na hakikisha kitabu kinagongwa muhuri, maana dhamana ya gari inategemea hayo.

Kilicho muhimu zaidi kwenye kilomita 1,000 za mwanzo ni mguu wako. Ringi za pistoni zinakaa sawa kwenye kuta za silinda kwa mwendo unaobadilika. Usikanyage mafuta hadi mwisho, usilifungie mwendo mmoja kwa saa nzima barabara ya Morogoro, na usivute tela. Toyota huongeza kwamba kwenye kilomita 300 za kwanza ujiepushe na breki za ghafla. Ukilazimika kusafiri mbali mapema, safiri, ila panda na ushuke mwendo, na pumzika njiani.

Jambo moja tu linaweza kukufanya umwage mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa kawaida, nalo ni kazi ya gari lenyewe. Toyota huko Japani huruhusu injini nyingi za petroli zisizo na tabo kufika kilomita 15,000 au mwaka, lakini kwa gari la mazingira magumu hukata nusu. Vumbi, barabara mbovu na safari fupi fupi za kila siku zimo kwenye mazingira hayo, na mwenye gari anayepita Mbagala au barabara ya Thika saa za foleni hawezi kujihesabu nje yake. Kwa wengi wetu kilomita 5,000 au miezi sita ni kipimo cha busara.

Siku ya kumwaga, simama hapo hapo. Nunua oili mwenyewe kwa wakala au kituo unachokiamini, kwa sababu oili bandia ipo na huja kwenye magaloni yanayofanana na halisi. Kagua muhuri wa kifuniko na alama ya ubora ya TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya). Nchini Kenya unaweza kutuma namba ya alama hiyo kwa ujumbe kwenda 20023 ukahakiki. Injini iwe ya uvuguvugu, gari liwe mahali tambarare. Hakikisha filta mpya imefungwa kweli, na mpira wake umepakwa oili kidogo, na wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, ndipo upime. Galoni tupu litoboe kabla hujalitupa, wapo wanaoyakusanya ili wayajaze upya. Oili chafu isimwagwe mtaroni, iwekwe kwenye dumu la gereji hadi wanaokusanya waichukue.

Kesho yake asubuhi tazama chini ya gari kama kuna tone. Ukishatembea kilomita 500 pima tena injini ikiwa imepoa, na kama oili imeshuka karibu na alama ya chini, rudi gereji siku hiyo hiyo ukiwa umeandika ni kilomita ngapi zimepita tangu ilipojazwa.