Muulize mama kuhusu mdondo

*Shangazi, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ninataka kuwa mtafiti wa sayansi ya kompyuta, hasa upande wa akili mnemba. Nimeshindwa kuchagua kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma (UDOM). Binamu yangu anasema nianzie diploma Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), au nisome kozi fupi za mtandaoni nianze kupata hela. Mama ameuza kuku ili nipate nauli na fedha za kuanzia. Anajua nitasoma miaka mitatu kisha niajiriwe. Habari za uzamili na uzamivu sijamwambia. Hata nikimwambia hataelewa, ni mfuga kuku tu. Chuo kipi kitanifaa?*
*Binti wa PCM, Ikungi, Singida*

Mwanangu, habari ya vyuo tuimalize upesi, maana siyo inayokunyima usingizi. Dar es Salaam na Dodoma, kote shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ni miaka mitatu, na kote utakuta wahadhiri wazuri na wengine wa kusoma slaidi ukutani. Dodoma ni jirani. Ukiishiwa, nauli ya kurudi Singida haikuui. DIT ni chuo cha heshima, ila mwenye alama za kuingia chuo kikuu akianzia diploma anajizungusha. Kozi fupi zitakupa kibarua. Utafiti hazikupi.

Sasa tuje kwa huyo “mfuga kuku tu”. Hapo nilivua miwani. Nauli yako imetoka bandani, na aliyeamka alfajiri kuwakamata kuku kabla hawajatawanyika ni yeye. Nawe unaniandikia mimi, mtu usiyenijua, mipango ambayo yeye hajaisikia.

Ngoja nikusimulie jambo. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya watafiti, wakiwamo Dina Machuve na Neema Mduma, iliyotoka Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Ni hiyo hiyo akili mnemba unayoililia. Unajua walianzia wapi? Kwenye kinyesi cha kuku. Zilikusanywa picha za vinyesi kutoka kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro, zilizopigwa kwa simu, kisha kila picha ikapewa jina lake: huyu mzima, huyu anahara damu, huyu ana salmonela, huyu ana mdondo. Kompyuta ikafundishwa kwa maelfu ya picha hizo hadi ikaweza kuzitenganisha yenyewe, ili mfugaji aliye mbali na daktari wa mifugo ajue mapema kinachomjia.

Mama yako anakijua kinyesi cha kijani. Anaijua shingo iliyopinda, anajua tone la chanjo ya mdondo huingia jichoni kila baada ya miezi mitatu, na anajua ni jirani gani hachanji akawaponza wenzake. Sasa jiulize: kompyuta iliyofundishwa kwa kuku wa Kilimanjaro itaona nini ikiletewa kinyesi cha kuku wa Ikungi aliyeshinda akidonoa mashudu ya alizeti? Hilo ni swali la utafiti, tena zuri, na nusu ya jibu lake iko kwa mtu unayesema hataelewa. Ukishindwa kumweleza yeye unachotaka kusomea, mimi sitashuku akili yake. Nitashuku kwamba wewe mwenyewe bado hujakielewa, umependa jina lake tu.

Nina msimamo ambao umewahi kunigombanisha na watu: mzazi akikutolea fedha, ana haki ya kujua safari inaishia wapi. Miaka mitatu ikiisha, atakuwa ameshapanga mshahara wako: ada ya mdogo wako, bati za nyumba. Ndipo umwambie kuna miwili mingine ya uzamili, na baada yake mitatu au zaidi ya uzamivu? Atahisi kaibiwa, na atakuwa na haki. Mwambie sasa, kuku wengine wakiwa bado bandani. Mwambie pia kwamba utakapofika hatua hiyo utatafuta ufadhili, hutarudi kuuza mitetea yake. Na Arusha si ng'ambo; Taasisi ile ya Nelson Mandela hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu pekee, kwa hiyo shahada ya kwanza, popote utakapoisomea, ndiyo ya kukufikisha mlangoni.

Huenda akakataa. Huenda akasema, fanya kazi kwanza umsogeze mdogo wako, ndipo uendelee. Likubali sharti hilo. Mtafiti haharibiki kwa kufanya kazi mwaka mmoja au miwili. Wengi wamepita huko, na kazi ndiyo iliyowapa swali la kuchunguza. Anayeharibika ni yule anayejifunza kuficha mambo nyumbani, kwa sababu utafiti wenyewe ni kazi ya kuweka kila kitu mezani, hata matokeo yasiyopendeza.

Ukishazungumza naye, niandikie tena. Na safari hiyo unitajie alama zako za hesabu, maana barua nzima umezikwepa, na huko unakotaka kwenda hesabu ndiyo watakayokuuliza kwanza.