Waliomtumikia Mobutu

Wazee wenu wa Butembo na Beni wanakumbuka mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristu. Mei 1997 alikimbia, na wakubwa wa chama chake, MPR, wakabaki bila kinga. Mkristu awatazameje?

Kadi ya chama si dhambi: sheria ilimhesabu kila raia kuwa mwanachama, hata babu yako. Uliza mtu alitenda nini. Aliyenyang'anya shamba na alirudishe, kama Zakayo alivyoahidi kulipa mara nne. Padre humwondolea dhambi, lakini deni la jirani hubaki. Ila kumnyima maji, au kuwazomea watoto wake njiani, Bwana Yezu hakuturuhusu. Tena waulize wazee ni nani kijijini aliyekataa kucheza ngoma za kumsifu Mobutu.